Matroni Aliyepita Nyumba kwa Nyumba

Matroni hakuita mtu mara mbili. Akikuita usipoitika, alikwenda kuifanya kazi mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Ungemkuta amepiga magoti kando ya kitanda anafuta damu uliyopaswa kuifuta wewe, wala asikutazame. Bora angegomba. Wapo wauguzi walioomba wahamishiwe wodi nyingine kwa sababu ya ukimya ule.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, katika hospitali moja ya binafsi pale Mtwara mjini, mimi nikiwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Jina lake lilikuwa kwenye beji, tena kwa herufi kubwa, lakini simkumbuki mtu aliyelitumia. Hata mkurugenzi, aliyekuwa mwajiri wake, alimwita Matroni. Wanawake waliotoka vijijini, ambao hawakujua kuwa hicho ni cheo cha mkuu wa wauguzi, walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake, wakalipenda. Nimewahi kukutana na mtoto Mikindani, mwanafunzi wa shule ya msingi, anaitwa Matroni binti Hamisi. Nilipomhadithia Matroni wetu, alisema tu kwamba mtoto yule atapata tabu shuleni.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na viatu vyake vya raba havikutoa sauti, kwa hiyo ulijua amefika pale tu shuka lilipovutwa upande wa pili wa kitanda unachotandika. Alitandika vitanda pamoja nasi mpaka mwisho. Msemo wake mmoja niliusikia mpaka nikauota: huruma isiyo na maji na sabuni ni maneno tu. Mwingine aliwaambia wauguzi wapya wanaoingia kwa mbwembwe. Aliwaambia maumivu ni nyumba ya mgonjwa, wewe umebisha hodi tu, basi ingia kwa adabu.

Kwa wagonjwa alikuwa mtu mwingine. Alijua Kimakonde cha kuungaunga na Kimakua kibovu zaidi, akavitumia vyote bila haya. Bibi mmoja alilazwa kwetu akikataa uji wa hospitali, akikataa ugali, akikataa hata chai. Matroni ndiye aliyepiga marufuku chakula cha nje baada ya saa za kutazama wagonjwa. Alikwisha kumnyang'anya sufuria mke wa mtu mkubwa mbele ya watu. Lakini bibi alipokataa chakula siku ya pili, akaingia wodini na kifuko cha ming'oko, vile viazi mwitu vya kwetu, iliyochemshwa, bado moto, akaketi kwa yule bibi akimmenyea mmoja mmoja na kumwambia jambo kwa Kimakonde. Bibi akacheka mpaka akashika mshono. Tulimuuliza baadaye alisema nini. Akajibu kwamba hata yeye hana hakika, alitaka kusema kitu kingine.

Dini yake tulikaa muda mrefu hatuijui. Sikukuu za Idi alishika zamu ili Waislamu tukale pilau na watoto wetu, na Krismasi alishika zamu ili Wakristo waende kwao. Kila upande ulidhani yeye ni wa upande wa pili. Siku nilipomuuliza, alisema wagonjwa hawana sikukuu. Nikaona hilo si jibu, lakini sikuuliza tena. Aliishi Rahaleo, chumba na sebule, peke yake. Idi moja nilimpelekea sahani. Aliipokea mlangoni, akashukuru kwa adabu zote, na hakunikaribisha ndani. Sahani ilirudi baada ya wiki ikiwa na mapapai mawili, kwa sababu alisema sahani ya mtu hairudi tupu.

Jambo moja lililomtoa katika ukimya wake lilikuwa mpira. Timu yake ikicheza, kama hakuna mgonjwa wa hatari, alifunga mlango wa ofisi na kuwasha redio ndogo, na sisi tuliokuwa kwenye korido tulisikia mwanamke asiyepandisha sauti akimwambia mwamuzi kwamba ni kipofu na ukoo wake ni wa vipofu. Mchezo ukiisha alitoka ameweka uso wake ule ule, akauliza nani amempima mama wa kitanda cha dirishani. Hatukuthubutu kucheka mpaka amepita. Mimi nilikuwa nikijiuliza, mtu anayependa mpira kiasi kile anawezaje kuusikiliza bila mwenzake wa kumwambia "umeona?"

Hospitali yetu ilikua kwa sababu ya gesi asilia. Watu wa Mtwara wanajua maana yake. Wageni walipokuja kwa ajili ya gesi, hoteli zilijengwa, nyumba za kupanga zikapanda, na kampuni zikaandikiana mikataba na hospitali ili watu wao watibiwe. Wodi mpya ikapakwa rangi, wauguzi wakaajiriwa. Gesi ilipopoa kidogo, nasi tukapoa kidogo, lakini tulikuwa bado tunasimama. Korona ndiyo iliyotuangusha.

Ilianza kwa wageni kuondoka. Kila ndege iliyoruka ilichukua watu waliokuwa wakitibiwa kwetu, mikataba ikasimamishwa. Halafu wenyeji nao wakaacha kuja. Mtaani ilisemwa kwamba ukiingia hospitali na kikohozi hutoki, kwa hiyo watu wakabaki majumbani wakijifukiza. Wajawazito niliowapima tangu mimba changa, nikawasikia wamejifungulia nyumbani. Asubuhi tulitandika vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia jana. Mwenzangu mmoja, Rehema, muuguzi kijana mwenye mtoto mdogo, aliuliza kwa nini tubadilishe shuka zisizotumika. Matroni alimwambia shuka linasubiri mtu, halisubiri ruhusa yako. Tukabadilisha.

Hapo mlangoni ndoo za maji ya kunawia, ndani ukimya. Sijawahi kusikia hospitali ikiwa kimya vile. Ukiangusha mkasi wodi ya wazazi, mtu wa maabara anachungulia.

Huko Rahaleo majirani walimtenga Matroni. Hakusema, niliona mwenyewe siku nilipompelekea ujumbe kwake. Wanawake waliokuwa bombani walizoa ndoo zao na kumwachia bomba zima, kama mtu anayempisha kichaa. Naye alichota maji bila haraka, akawaaga mmoja mmoja kwa majina. Mmoja tu ndiye aliyeitikia. Tukiwa njiani nilimwambia wale watu hawana utu. Alisema wana watoto.

Katika siku hizo ndipo alipofanya jambo ambalo hadi leo sijalisahau. Aliletwa mwalimu mstaafu, mzee wa Mikindani, pumzi zikimpaa. Ndugu zake hawakuruhusiwa kuingia; walisimama nje kwenye jua, mkewe akiwa ameshika kofia ya mzee. Alikuwa shabiki mkubwa, tena wa timu ya upande wa pili, adui wa timu ya Matroni. Alasiri ile hali yake ilibadilika, nasi tukajua. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo. Mzee aliuliza kwa sauti iliyokatikakatika kama leo kuna mpira.

Ligi ilikuwa imesimama nchi nzima. Hapakuwa na mpira popote.

"Upo, mwalimu," Matroni alisema. "Ndiyo kwanza wanaanza."

Akavuta kiti, na ndani ya barakoa yake na miwani iliyojaa ukungu akaanza kumtangazia. Alimtajia wachezaji wa zamani, wengine walikwisha kustaafu, mmoja nadhani alikwisha kufa. Mpira ukatoka kwa kipa, ukaenda pembeni, ukapigwa krosi, ukagonga mwamba. Mzee akafumba macho, mdomo wake ukawa unachezacheza kama anayefuata. Kuna wakati alijaribu kucheka. Matroni alimtukana mwamuzi kwa niaba yake. Aliitangaza mechi ile bila kupumzika, na timu ya mzee ikafunga bao, yeye mwenyewe akalitangaza kwa furaha ya kweli, bao lililomfunga. Mzee alikwenda kabla ya mapumziko. Matroni alinyamaza, akatazama saa, akaandika saa. Kisha akatoka nje kuwaambia ndugu. Mjane alimuuliza mume wake alisema nini mwisho. Akamwambia, "Aliridhika, mama. Walikuwa wanaongoza."

Mjane hakuelewa wakati ule, na hakuna aliyemweleza.

Hazikupita wiki nyingi mkurugenzi akamwita Matroni ofisini. Mishahara ilikwisha kukatwa nusu, na baadhi yetu tulikuwa kwenye likizo bila malipo, zamu moja ndani, moja nje. Sasa ilikuwa lazima watu wapunguzwe. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Maradhi yameingia nchini, na watu waliosomea maradhi wanarudishwa nyumbani. Ukimwambia mtu asiyefanya kazi hospitali anadhani umemdanganya. Lakini dawa hununuliwa, umeme hulipiwa, na mgonjwa asiyekuja halipi.

Katibu wa hospitali alitaka kutupigia simu. Matroni alikataa. Alisema watu aliowafundisha kumpa mtu habari mbaya wakimtazama usoni, hawezi kuwapa ya kwao kwa simu. Aliomba aifanye kazi hiyo mwenyewe. Akavua sare, akavaa gauni la kawaida na kilemba, akazunguka mji kwa miguu na bodaboda, nyumba kwa nyumba.

Kwa Bi Somoe, mfanya usafi wetu, aliyekaa Likombe, walimpokea kama mgeni wa heshima. Bi Somoe hakuwahi kutembelewa na mkubwa wa kazini. Alitandika mkeka mpya, akatuma mtu akamate kuku. Matroni akamwambia asimchinje, amekuja na habari isiyostahili kuku. Akamwambia habari yenyewe. Bi Somoe akasema mgeni ni mgeni, kuku ameshakamatwa. Akapika. Wakala pamoja. Haya amenisimulia Bi Somoe mwenyewe, na alisema hakuwahi kumwona mtu akila kwa shida vile, kila tonge kama dawa chungu, lakini alimaliza.

Mimi pia nilikuwa Likombe. Alikuja kwangu siku hiyo hiyo, jua limepinda. Nilikuwa naanua nguo.

"Mama Latifa," aliniita kabla sijaweka kiti. "Nimekuja kukuambia kazi imekwisha. Mwisho wa mwezi."

Nilimuuliza nani ameamua. Nilitaka aseme mkurugenzi. Nilitaka aseme hali ya uchumi, korona, kampuni, Mungu, yeyote.

"Mimi," alisema. "Nimeambiwa idadi. Majina nimechagua mimi."

"Kwa nini mimi, Matroni? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mume wako ni mwalimu wa serikali, mshahara wake haujaguswa. Rehema hana mtu."

Nilimuuliza, miaka yangu yote na mikono yangu yote inapimwa kwa mume wangu? Alisema ndiyo, mwezi huu ndivyo inavyopimwa. Hakusema pole. Nadhani angesema pole ningemrushia shuka nililoshika. Alisimama pale uani akisubiri kama nina neno lingine, kisha akaniaga. Nilimtazama akienda barabarani, akatazama huku na huku, akakunja njia ya kwa fundi wa maabara, aliyekuwa na mke mjamzito. Kwa siku nyingi nilimchukia mwanamke yule kwa nguvu zangu zote, na hata leo siwezi kusema kama alichagua sawa. Rehema alibaki kazini, na alihitaji kubaki. Nami nilihitaji. Yote mawili ni kweli, na hayapatani.

Tukatawanyika. Fundi wa maabara akaendesha bodaboda. Bi Somoe akaenda kubangua korosho. Mimi nikakaanga maandazi na kuyauza kwenye kituo cha shule, na wimbi la pili la changamoto ya upumuaji, kama korona ilivyoitwa siku hizo, lilipokuja, watu wakaanza kunigongea nyumbani niwatundikie dripu ndugu zao. Hospitali ilikuwa pale pale, ina vitanda, ina mitungi ya oksijeni. Wauguzi ndio hawakuwepo wa kutosha. Rehema aliniambia Matroni anashika zamu mbili mfululizo, analala kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa. Aliniambia pia kwamba hazungumzi na mtu, na redio hawaisikii tena hata ligi iliporudi.

Halafu naye akapunguzwa. Yeye hakuna aliyemwendea nyumbani. Alipigiwa simu akiwa wodini, akasikiliza, akasema sawa, akamalizia kubadilisha dripu aliyokuwa akibadilisha. Cheo chake kiligawanywa kwa wawili waliolipwa kidogo. Aliomba kazi serikalini, akaambiwa umri umepita. Siku moja tukasikia amehama Rahaleo. Mama mwenye nyumba alisema alifagia, akapiga deki, akamkabidhi funguo, na hakusema anakwenda wapi. Mama yule alikuwa mmoja wa wale wa bombani. Aliniuliza mimi kama najua aliko, kwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu cha mwenyewe.

Miaka ikapita. Mambo yakatengemaa kidogo, maneno ya gesi yakarudi, mikataba mingine ikasainiwa. Hospitali ikaniita, nikarudi. Wodi ya wazazi ikajaa tena vilio. Lakini kazi haikukaa sawa. Vifaa vinapotea, wauguzi wapya wanaingia na simu mkononi. Mkurugenzi akaniita akasema yule mama tunamhitaji, nani anajua aliko? Fundi wa maabara, ambaye hakurudi tena kwenye maabara, alikuwa amewahi kumpeleka abiria Kitaya, huko mpakani kwenye Mto Ruvuma, akamwona katika duka la dawa. Nikatumwa mimi.

Nilifika mchana, vumbi limenijaa. Duka lilikuwa dogo, lenye wavu wa chuma mbele na rafu nyuma: dawa za maumivu, za minyoo, chumvi za kuharisha, pamba. Alikuwa ameketi nyuma ya wavu, amekonda, mvi zimetoka chini ya kilemba. Aliniona, akasimama.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba, Mama Latifa. Latifa hajambo?"

Aliuliza kama mtu aliyeniona juzi. Alinifungulia mlango wa nyuma, akanipa kigoda na maji. Alinieleza kwamba duka si lake, ni la mtu wa Mtwara. Haruhusiwi kuchoma sindano wala kuzalisha, anauza vidonge tu. Zahanati ipo, ina watu wake, wazuri, hawamhitaji. Wanawake wakija na mimba anawatazama tu jinsi wanavyotembea, anajua ipi imekaa vibaya, anawaambia waende zahanati. Wengine huenda. Nikamuuliza anazungumza na nani. Alisema wateja wanakuja. Baadaye akasema wateja hawakai.

Nikampa ujumbe. Nilimwambia cheo kile kile, nyumba atatafutiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani na nani wamerudi. Nikamtajia. Akauliza Bi Somoe. Nikasema bado.

"Sirudi," alisema. "Nikirudi, siku wakiniambia tena punguza, nitapunguza. Najijua. Nitavaa gauni langu nitazunguka tena mji mzima, nitabisha hodi. Kuna nyumba siwezi kubisha mara ya pili."

Nilimwambia kwamba mtu mwingine angetupigia simu, na kwamba mimi sasa naona tofauti yake. Sikumdanganya. Alisema tofauti hiyo niliiona mimi, yeye aliona nyuso. Hatukulirudia tena jambo hilo. Nililipeleka jibu lake Mtwara, mkurugenzi akaajiri mwingine, kijana mwenye shahada, si mbaya. Vitanda anavikagua kutoka mlangoni.

Lakini kabla sijaondoka Kitaya, nikisubiri bodaboda aliyekwenda kutafuta mafuta, nilimwona Matroni akishika ukuta aliponyanyuka. Nikamuuliza presha yake ikoje. Alisema kifaa kipo dukani, anawapimia watu.

"Wewe nani anakupima?"

Nikakichukua mwenyewe, nikamfunga mkononi, nikapiga pampu. Ilikuwa juu. Nikamwambia, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya jirani. Tulizungumza kuhusu vidonge, kipi anywe asubuhi, kipi jioni, mambo anayoyajua kuliko mimi, naye alinisikiliza kama mwanafunzi. Kisha nikamshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo. Ngozi yake ilikuwa kavu, yenye joto. Nilimaliza kuhesabu, nikataka kuachia.

"Usitoe kwanza," alisema.

Nikauacha mkono wangu pale. Alikuwa hanitazami, anatazama rafu za dawa. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akaja kwenye wavu, akapiga hodi, akaomba dawa ya minyoo. Nje bodaboda alikwisha kurudi, anapiga honi.

"Subiri kidogo, mwanangu," Matroni alimwambia yule mwanamke. "Bado napimwa."